Tumbe, na Watoto Wake Walio Chuo Kikuu

Katika barua mnazotuletea limekuwa likirudi swali moja kwa maneno mbalimbali: Mtoto wetu akiisha kuingia Chuo Kikuu hulala wapi? Hula kwa nani? Akiugua, nani humtazama? Na tena, je, ni kweli kwamba wanafunzi wana serikali yao wenyewe, yenye rais na mawaziri na bunge, na kama ni kweli, serikali hiyo ina nguvu gani? Tuliyatia maswali haya mfukoni tukasafiri nayo. Nanyi mtashangaa mkisikia kwamba hatukwenda nayo Mlimani, Dar es Salaam, wala Tunguu, Unguja. Tulikwenda Tumbe, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pemba, mahali pasipo na chuo kikuu ila pana samaki wengi. Tuliwaza kwamba habari za chuo ukiziuliza chuoni huambiwa nusu; nusu ya pili imekaa nyumbani kwa mzazi, naye haulizwi.

Tulikuwa wawili, walimu wote. Tulivuka kwa meli kutoka Unguja, tukashuka Mkoani, na toka hapo gari la abiria likatupandisha na kututeremsha vilima mpaka Chake Chake, na kutoka Chake Chake mpaka Konde. Asiyepata kuiona Pemba hudhani ni nchi ya mchanga na mawe kama pwani ya mashariki ya Unguja. Kumbe ni nchi ya vilima na mabonde, mikarafuu juu na mpunga chini, na njia haiendi sawasawa hata kwa mwendo wa dakika kumi. Huko Mchanga Mdogo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina tawi lake, na katika gari letu walikuwamo vijana wawili wenye mabegi ya vitabu, wakibishana kwa sauti ndogo juu ya mtihani. Chuo hicho kiliundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999, kikaanza kazi mwaka 2001. Kabla ya mwaka 1998, vilipofunguliwa vyuo vya kwanza visivyo vya serikali, hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja katika Unguja wala Pemba. Kijana wa kisiwa hiki aliyetaka shahada alikuwa hana budi kuvuka bahari, na wengine walivuka zaidi ya moja.

Usiku ule tulilala Konde kwa mwalimu mwenzetu, na alfajiri tukaenda Tumbe.

Jueni kwamba soko la Tumbe halingoji mtu. Saa kumi na mbili na nusu vyombo vilikuwa vimekwisha kuingia, mashua na ngalawa, na watu wamo majini mpaka magotini wakipokezana matenga. Samaki hutandazwa chini kwa mafungu: changu, tasi, kolekole, pweza waliofungwa pamoja, na vibua wengi waking'aa. Mnadi husimama katikati, bei yake huanza chini na kupanda kwa ukelele, naye humjua kila mnunuzi kwa jicho. Mtu akiinua kidole tu, fungu ni lake. Wenye baiskeli na pikipiki huondoka mbio kabla jua halijawa kali. Tulisimama pembeni tukijaribu kufuata mnada mmoja, tukashindwa, na mwenzangu karibu anunue tenga zima la dagaa kwa sababu alijikuna sikio.

Mzee mmoja alicheka sana alipoliona jambo hilo. Alikuwa nahodha miaka mingi, na sasa mashua yake huongozwa na mpwa wake. Yeye huja kutazama tu. Akatukaribisha kwenye kivuli, tukaulizana hali. Tulipomwambia tumekuja kutafuta habari za Chuo Kikuu, akatutazama kama watu waliopotea njia. Kisha akasema, "Chuo nimesoma mimi. Nilikaa kwa maalimu na ubao wangu miaka mitano." Nanyi mnajua kwamba pwani yetu neno chuo lilikuwa la Kurani zamani sana kabla halijawa la shahada. Akatueleza kwamba katika chuo chake mwalimu hakuwasimamia watoto wote mwenyewe. Alikuwako mwanafunzi mkubwa, jina lake khalifa, aliyewasomesha wadogo na kuwagawia kazi za kuteka maji na kuchanja kuni. "Basi hayo ya wanafunzi kujitawala," akasema, "si mapya. Ila khalifa hatukumpigia kura. Aliwekwa na maalimu, na fimbo aliishika yeye." Akaongeza kwamba binti yake yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja huko Unguja, na kwamba yuko nyumbani kwa likizo, tukitaka, twende tukamsikilize. Jina la chuo hicho hatulitaji, maana habari zinazofuata ni za watu walio hai na masomo yao hayajakwisha.

Lakini kabla ya kuondoka sokoni tulimwomba atufahamishe jinsi wavuvi wanavyogawana. Hutolewa kwanza gharama za safari, mafuta na barafu na chakula. Kinachobaki hukatwa: sehemu ya chombo na nyavu, na sehemu ya watu, na katika ile ya watu nahodha hupata zaidi ya baharia. Hesabu hufanywa palepale mchangani mbele ya wote, kwa sauti. Asiyeridhika husema. Akizidi kutoridhika, kesho yake huonekana katika chombo kingine. Tafadhalini yakumbukeni maneno haya, maana yalirudi baadaye.

Nyumbani kwake tuliketi barazani. Binti alikuja akatuamkia, "Shikamooni, walimu," akaleta chai na mkate wa kumimina. Mama yake alikuwa ufukoni, kwenye mwani. Upande huu wa kisiwa wanawake wengi huupanda kwenye kamba maji yanapotoka, huuanika na kuuza, na mara nyingi fedha ya mwani ndiyo inayonunua daftari. Anasomea ualimu, Historia na Kiswahili. Tulimwuliza kwanza yale mliyotuagiza.

Kulala: wanakaa katika dakhalia, wanne chumba kimoja, vitanda vya ghorofa viwili. Dakhalia haiwatoshi wote, na wanaokosa nafasi hupanga vyumba vijijini karibu na chuo, wakalipa zaidi na kutembea usiku, jambo ambalo kwa wasichana ni la kufikiriwa sana. Maji hupatikana, siku nyingine kwa ndoo. Kupika vyumbani kumekatazwa kwa sababu ya moto, na akakiri huku akimtazama baba yake kwa pembe ya jicho kwamba chini ya kila kitanda sufuria haikosekani. Chakula hununuliwa mgahawani, na kwa kina mama wanaopika nje ya lango, ambao hukopesha. Ipo zahanati ya chuo kwa homa na majeraha. Ugonjwa mkubwa hupelekwa hospitali. Ipo maktaba, na vyumba vya kompyuta, na intaneti inayokwenda vizuri usiku wa manane, ndiyo sababu wengi husinzia darasani asubuhi. Alitaja pia, bila kuulizwa, jambo ambalo litawapendeza wasomaji wetu. Wenzake wawili wa chumbani ni Wakristo kutoka bara. Mwezi wa Ramadhani wao hula nje ya chumba ili wasimtie mwenzao katika harufu ya chakula. Naye siku ya Krismasi huwachukulia halua ya kwao Pemba. Hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo.

Fedha: hapo mazungumzo yakawa marefu. Mwanafunzi wa Zanzibar huomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Wale wa bara wana Bodi yao, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2004. Fedha ya kujikimu huingia kwa vipindi, na wanafunzi huiita bumu, neno lililoingia katika Kiswahili cha vyuoni bila kubisha hodi. Siku bumu linapoingia, alisema, hata sauti za watu ukumbini hubadilika. Na linapochelewa, watu hujua nani ni ndugu wa nani. Wengi hupitisha juma moja kwa chai na mhogo. Mzee alikuwa akisikiliza kwa makini. Tulifahamu kwamba mengine alikuwa akiyasikia siku ile kwa mara ya kwanza.

Ndipo tukauliza juu ya serikali yao.

Ni kweli, wapenzi wasomaji. Katika vyuo vikuu vyetu vya Tanzania wanafunzi huchagua rais wao kila mwaka. Kuna mawaziri wa chakula na malazi, wa afya, wa michezo, wa mikopo. Kuna bunge na spika, na wagombea hubandika picha ukutani na kuhutubia kama watu wazima, pengine kwa ahadi zilizo kubwa kupita za watu wazima. Mtu anayewaona mara ya kwanza huona mchezo wa watoto waliovaa koti la baba. Sisi pia tulikuwa na wazo hilo. Mzee naye alikuwa nalo, akalisema wazi: "Nahodha hapigiwi kura. Nahodha ni yule anayejua mwamba uko wapi."

Binti akamjibu kwa adabu, macho chini, "Ni kweli, baba. Lakini baharia wako akiona umemdhulumu, kesho huingia chombo kingine. Mwanafunzi hana chombo kingine. Akishuka, ameshuka." Mzee akanyamaza. Nasi tuliandika maneno hayo katika daftari, kwa kuwa katika vitabu vyote tulivyosoma juu ya utawala wa wanafunzi hatukukuta sababu iliyo fupi na yenye nguvu kama hiyo.

Yafaa hapa tukumbuke kidogo mambo yaliyopita, maana serikali hizi hazikuzaliwa jana. Mara nyingi zilianzia jikoni. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula, na Abu Mayanja, mmoja wa viongozi wa mgomo ule, akafukuzwa. Hata hivyo alikwenda kumalizia masomo Cambridge, na baadaye akawa waziri kwao Uganda. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika nyumba ya TANU, mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiozidi 14, wote wa sheria. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Chuo kilipokwisha kuhamia Mlimani, tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana na majoho yao mpaka Ikulu, wakikataa mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa ambao ungewapa asilimia 40 tu ya mshahara katika muda wa utumishi wao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Wengi walipokewa tena mwaka uliofuata. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, alikamatwa na kurudishwa kwao, na wenzake wakagoma kuingia madarasani. Mwaka 1978 waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza za malipo ya wabunge na mawaziri. Mamia wakafukuzwa, chama chao kikapigwa marufuku, pakawekwa Muungano wa Wanafunzi Tanzania uliokuwa chini ya Chama. Leo wana chama chao tena, DARUSO. Mwenzangu, aliyesoma Mlimani, husema kwamba kila kizazi cha wanafunzi hudhani ndicho cha kwanza kugoma.

Na Pemba imo katika habari hii. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa kisiwa hiki mwaka 1942, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania na kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa umoja wa wanafunzi wa Zanzibar mwaka 1960, angali kijana wa miaka 18. Seif Sharif Hamad wa Mtambwe alimaliza shule mwaka 1963, lakini serikali ilihitaji walimu, akafundisha miaka tisa. Alipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972 alikuwa mtu mzima karibu na miaka 30. Mzee wetu alimkumbuka huyu wa pili kwa jina la ualimu tu, Maalim. "Miaka tisa alingoja," alisema, "wala hakupoteza." Hapo alimtazama binti yake kwa namna tuliyoielewa baadaye.

Alasiri tulitembea naye na ndugu yake mdogo mpaka Chwaka, kwenye magofu, si mbali na kijiji. Kuna msikiti wa zamani uliobaki kuta, na makaburi, na moja kati ya hayo wenyeji husimulia kuwa la Haruni, mwana wa yule Mkama Ndume mkali wa Pujini. Mji huo wa Chwaka ulikaa tangu karne ya 11 mpaka mwanzo wa karne ya 16. Na Tumbe yenyewe ni kongwe zaidi, kwani ilikuwako tangu karne ya 7 mpaka ya 10. Wataalamu wa mambo ya kale, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, waliochimba hapa mwanzoni mwa karne hii, walikuta vigae vyenye mifereji vilivyotumiwa kusagia shanga, vingi mno, ishara kwamba watu wa Tumbe walikuwa mafundi wa shanga wakati ambapo miji mingi ya pwani tunayoitaja kwa fahari haijajengwa bado kwa mawe. Binti alituambia kwamba alizaliwa hatua chache kutoka mahali hapo, akacheza juu ya mawe yale, lakini hayo yote aliyasoma mara ya kwanza Unguja, maktabani, katika maandiko ya Kiingereza. Alisoma jina la kijiji chake katika karatasi ya watu wa mbali, akatoka nje kumpigia simu mama yake. Mama akamjibu kwamba vigae vile anavyo viwili, huvitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo.

Tulikaa juu ya ukuta. Hapo ndipo alipotusimulia jambo lake, na tumepata ruhusa yake kulisimulia.

Mwaka uliopita alichaguliwa, akawa waziri wa mikopo katika serikali ya wanafunzi. Hakuitafuta kazi hiyo. Wenzake walimsukuma kwa kuwa anajua hesabu za sokoni. Ilipokaribia mitihani, wanafunzi kumi na mmoja walikuwa hawajalipiwa ada. Mikopo yao ilikuwa imekwama, baadhi kwa makosa ya karatasi, jina limeandikwa hivi kwenye cheti cha kuzaliwa na vile kwenye cheti cha shule. Kanuni ni kanuni: asiyelipa ada hapewi kibali cha mtihani. Siku zilizosalia zilikuwa kumi. Alikwenda kwa Mshauri wa Wanafunzi, akaelezwa kanuni. Akaenda tena, akaelezwa tena, kwa upole zaidi.

Bunge la wanafunzi likakutana usiku. Rais wao alitaka mgomo, na wengi walimpigia makofi: lango lifungwe, asiingie mtu kwenye mtihani mpaka wale kumi na mmoja waingie. Binti alisimama akapinga. Alisema kwamba mgomo ukianza, siku kumi zitaliwa na mgomo. Na wa kwanza kufukuzwa watakuwa walewale kumi na mmoja, kwa kuwa hawana mtu wala ada ya kuwatetea. Akataka waandike barua moja, wakusanye ushahidi wa kila mmoja, waombe wale waruhusiwe kufanya mtihani na matokeo yazuiwe mpaka ada ilipwe. Baadhi walimwita kibaraka wa wakubwa. Mabishano yaliendelea mpaka saa nane ya usiku, walinzi wa chuo wakisimama mlangoni, nao pia wanasikiliza. Kura zikapigwa, rai yake ikashinda kwa kura chache sana.

Barua ilikubaliwa. Wote kumi na mmoja walifanya mtihani. Katika miezi iliyofuata tisa mambo yao yalitengenea, wakapata matokeo yao. Wawili hawakuweza. Matokeo yao yamezuiwa, na bila matokeo hawakuweza kuendelea na mwaka wa pili. Mmoja amerudi bara. Wa pili ni kijana wa hapahapa Tumbe; walisoma naye tangu skuli ya msingi. Sasa huvua dagaa usiku katika mashua ya watu, na wanapokutana njiani yeye huinamia simu yake.

"Nauliza mara nyingi," akasema, "kama tungefunga lango, wangemlipia?"

Ninyi mlio walimu mtatulaumu kwamba hatukumjibu. Mwenzangu alifungua kinywa, akakifunga. Tungeweza kumwambia habari za mwaka 1966 na 1978, jinsi migomo ilivyokwisha. Lakini mwaka 1966 waliofukuzwa walipokewa tena, na mwaka 1952 aliyefukuzwa alifika Cambridge. Historia haikusimama upande mmoja. Rai yetu ni kwamba alifanya vema, na tulimwambia hivyo. Tuliona pia kwamba rai yetu haikumsaidia. Watu wazima hudhani serikali ya wanafunzi ni mazoezi ya utawala, kama vile watoto wa Tumbe wanavyosukuma vijingalawa vya kuchezea kwenye kidimbwi. Lakini katika shauri hili mtu alipotea kwa kweli, na msichana wa miaka 21 anahesabu kura zile usiku asilale. Hatukuona mchezo hapo.

Kwa wazazi mnaosoma haya, tunaongeza jambo moja la manufaa ambalo binti alitusihi tuliandike: yatazameni majina ya watoto wenu katika vyeti vyao vyote mapema, kabla hawajafika kidato cha nne, yawe sawa herufi kwa herufi. Alisema kwamba shida nyingi alizozipokea katika mwaka wake wa uwaziri zilianza kwa karani aliyeandika Khamis mahali pengine Hamisi.

Jioni mzee alituambia wazi aliyokuwa nayo moyoni. Hataki binti yake agombee tena. Uchaguzi unakuja, na wenzake wanampigia simu wakimtaka asimame, safari hii kwa urais. "Nimempeleka kusoma," alisema. "Sikumpeleka kubeba mizigo ya watu." Mama, aliyekuwa amekwisha kurudi na mikono yake imekunjamana kwa maji ya chumvi, alisema kwa utulivu kwamba yeye hubeba mwani wa jirani kila siku maji yanapokuja ghafula, wala hajaona mtu akimlipa. Wakatazamana. Tuliona si adabu kuendelea kukaa, tukaaga tukarudi Konde.

Asubuhi ya pili tulirudi sokoni kuwaaga. Ilikuwa bado giza kidogo, vyombo vya dagaa vinaingia na taa zao. Binti alikuwa amesimama na baba yake karibu na maji. Kijana mmoja mrefu alishuka na tenga kichwani, magamba yamemshika mabegani, akalitua karibu nasi. Tulimjua ni nani kwa jinsi wote wawili walivyonyamaza. Alisimama akikamua shati lake. Kisha akauliza, akimtazama mzee badala yake, kama mtu anayeuliza bei:

"Matokeo yaliyozuiwa, huwekwa muda gani? Hayafutwi?"

"Hayafutwi," binti alimjibu. "Nilikwenda ofisini kabla sijafunga safari. Karatasi zako zote zimo. Umefaulu masomo yote ila moja, na hilo unaweza kulirudia. Sikuruhusiwa kukwambia alama."

Kijana akatikisa kichwa polepole. Mzee alimwuliza anadaiwa kiasi gani. Akakitaja. Mzee akaangalia mashua yake iliyokuwa ikiingia, iko chini sana majini kwa uzito wa mzigo, akaanza kuhesabu kwa vidole vyake, kwa sauti, kama wanavyofanya siku zote pale mchangani: mafuta, barafu, chakula, sehemu ya chombo.